Kamera za spidi zikifungwa njia nane ya Kimara–Kibaha, zitatuokoa au tutazidi kugongana?

MamaPazia:

Habari za jioni wadau. Nina swali, ila itabidi nianze na muuza madafu.

Ijumaa iliyopita nilikuwa natoka Kariakoo narudi nyumbani Kibamba. Mimi nauza pazia, kwa hiyo buti ya IST yangu ilikuwa na majora manne ya kitambaa, na mabomba ya pazia yamelala mpaka kiti cha mbele. Nimeshaipita Mbezi Mwisho, saa kumi na mbili na kitu, jua linanipiga machoni. Niko njia ya kulia kabisa, ile ya wenye haraka zao. Sitadanganya, nilikuwa 85. Mbele yangu Alphard nyeusi, nyuma yangu Noah, tumefuatana kama siafu.

Magari ya upande wa pili yakaanza kutupigia taa. Lugha hiyo mnaijua. Nikatupa jicho mbele kushoto, chini ya mti nikaona shati jeupe, nikajua trafiki na tochi yake ya kupima spidi. Na mwenye Alphard aliliona, maana alikanyaga breki ghafla bin vuu, kutoka kama tisini mpaka nadhani arobaini. Na mimi nikakanyaga. IST ikasimama, kati yangu na bampa yake hata kiganja hakipiti. Noah haikusimama.

Nikashuka miguu inatetemeka. Kabla hata sijaangalia gari nililitafuta lile shati. Alikuwa muuza madafu! Baiskeli yake kaiegemeza, panga mkononi, shati limefuliwa likafulika, anatushangaa. Akaniuliza, "Mama, umeumia?" Nikamwambia sijui. Akanikatia dafu, hakutaka hela.

Mimi mzima. Majora ndiyo yaliyopokea kishindo. Bampa ya nyuma imepasuka, buti haifungi, nimeibana kwa kamba. Kijana wa Noah ni dereva tu, akampigia bosi wake, bosi anasema mimi ndiye niliyefunga breki bila sababu kwa hiyo tugawane hasara. Hayo tutayamaliza.

Swali langu ni hili. Shemeji yangu anaishi Birmingham, Uingereza, nilipomsimulia akacheka, akasema kwao kamera zimefungwa kwenye nguzo, kila mtu anajua zilipo, hakuna askari wa kujificha na watu wanaendesha kwa adabu. Akasema na sisi zifungwe kuanzia Kimara mpaka Kibaha, mambo yatanyooka. Sasa mimi najiuliza: kama tochi ya kufikirika tu imenivunjia bampa, hizo za kweli zikifungwa si ndiyo kila nguzo itakuwa na watu wanagongana nyuma? Kuna mwenye kujua zinasaidia kweli, au ni mtaji wa faini?

Jongoo wa Pugu:

Faini elfu thelathini mara magari yote yanayopita njia nane kwa siku. Piga hesabu mwenyewe halafu uniambie kama kuna mtu anawaza bampa yako. Pole lakini.

Babu Gia Saba:

Pole sana mwanangu. Umshukuru Mungu, na hayo majora usiyauze yote, moja liweke sebuleni kwa kumbukumbu.

Nimeendesha basi Dar–Mbeya miaka kumi na tisa, sasa napumzika, nafuga kuku Kiluvya. Nikueleze tochi ilivyotufanya, halafu utapima mwenyewe kama kamera ya kwenye nguzo itatufanya tofauti.

Sisi tochi tulikuwa tunazijua kama mtu anavyoyajua mashimo ya mtaani kwake. Nikitoka stendi alfajiri, kabla ya Chalinze nimeshapata habari zote za mbele. Dereva ninayepishana naye akishusha kidole chini, kuna kazi mbele. Akipepea kiganja, njia nyeupe. Konda naye ana simu, wenzake waliotangulia wanamtumia. Basi nikikaribia mahali penyewe nashuka mpaka hamsini, abiria wanashangaa mzee leo ana heshima. Nikishamaliza kona, gia. Na pale nilipoteza dakika tano, nazirudisha zote kilomita kumi zinazofuata, maana bosi anataka basi lifike na abiria wanataka wafike. Kwa hiyo ukiniuliza tochi ilinipunguzia mwendo, nitakwambia ilinipunguzia pale pale penye mwembe aliojificha askari. Kwingine iliniongezea.

Halafu wakaja na hii VTS ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini. Kile kidude kinakaa ndani ya basi, kinajua uko wapi na unakwenda ngapi, muda wote. Mwisho wetu ni 80. Ukizidi, kinalia, na hakilii kwa siri. Siku za mwanzo niliona kama nimefungwa pingu. Pale Mikese nimelizidisha kidogo tu, kikaanza kulia, bibi mmoja wa kiti cha pili akasema kwa sauti, "Mwanangu, hicho kinacholia ndicho kile walichosema kwenye redio?" Basi zima likanyamaza, wananiangalia mimi. Nikashusha. Aibu ile ilikuwa kali kuliko faini zote nilizolipa.

Sisemi VTS ni malaika. Wapo walioichokonoa nyaya, na mambo yao yakajulikana. Ila mguu wangu mimi ulibadilika kwa sababu hapakuwa na "baada ya kona". Kipimo kilikuwa kinakwenda na mimi mpaka Mbeya.

Kwa hiyo hiyo kamera ya shemeji yako ya kwenye nguzo, kama inaangalia pale penye nguzo tu, mimi naiona ni ule mwembe umejengwa kwa chuma.

MamaPazia:

Babu, umenichekesha na kibibi chako. Shikamoo lakini.

Sasa huo "mwembe wa chuma" ndio ninaouogopa. Na mwembe wa kweli una nafuu, siku nyingine hakuna mtu chini yake. Nguzo haiendi kula chakula cha mchana.

Kipimo Sahihi:

MamaPazia pole. Naomba niingie maana mambo ya barabara ndiyo mkate wangu, na hofu yako haijatoka hewani.

Kuna mahali walijaribu kitu kinachofanana na unachouliza, kwenye barabara kubwa hasa. Mji wa Scottsdale, jimbo la Arizona, Marekani, mwaka 2006, barabara inaitwa Loop 101. Kikomo chao pale ni maili 65 kwa saa, na kamera zilipangwa kumpiga picha anayefika 76, yaani walimwachia dereva nafasi ya kupumua. Watafiti wa chuo kikuu wakapima kabla, wakati zinafanya kazi, na baada ya kuzimwa. Wastani wa mwendo ulishuka karibu maili 9 kwa saa, ambazo ni kama kilomita 14 na nusu. Ajali karibu za aina zote zikapungua, isipokuwa aina moja: za kugongana kwa nyuma. Yaani ile yako ya Ijumaa.

Kwa hiyo umeona kweli, ila umeona kipande. Kugongwa nyuma kunavunja bampa na shingo inauma wiki mbili. Zilizopungua zilikuwemo zile za gari kupoteza mwelekeo au kuvaana na la jirani wakati wa kuhama njia, ambazo mtu hashuki akapewa dafu.

Oktoba mwaka ule ule mradi ukasimamishwa. Waliozidi ile 76 wakaongezeka kama mara kumi. Mara kumi! Hapo Babu Gia Saba amepatia kabisa: adabu ilikuwa ya kamera, haikuwa ya dereva.

Nje ya Arizona, mwaka 2010 ulitoka uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wa afya, uliokusanya tafiti 35 za nchi mbalimbali. Karibu na kamera, ajali za kuua na kujeruhi vibaya zilipungua kati ya asilimia 11 na 44 kutegemea mahali. Ni tofauti kubwa, na sababu mojawapo ni kwamba mahali na mahali hapafanani. Lakini namba zote zilielekea upande mmoja.

Sasa kuhusu mwembe wa chuma. Madereva wa huko nao wana tabia hiyo, wanafunga breki kwenye nguzo na kukanyaga mafuta wakishaivuka. Wenyewe wanaifananisha na kangaruu. Dawa yake ipo na inafanana na VTS ya babu. Unafunga kamera mbili zilizoachana kilomita kadhaa. Ya kwanza inasoma namba ya gari na saa, ya pili inasoma tena, mashine inagawanya umbali kwa muda. Italia wanayo kwenye barabara zao za kulipia tangu 2005. Scotland waliifunga barabara ya A9, kati ya Dunblane na Inverness, Oktoba 2014. Hapo kufunga breki ghafla kwenye nguzo hakukusaidii chochote, kwa hiyo na sababu ya kumshtukiza wa nyuma yako inaondoka.

Mfano wa kwetu. Chukua kilomita 6 za makazi zenye kikomo cha 50. Kwa 50 utazimaliza kwa dakika 7 na sekunde 12. Kwa 80 ni dakika 4 na nusu. Anayetumia dakika 5 hana la kujitetea, hata kama alipita kwenye nguzo zote mbili anatembea kama anasindikiza bibi harusi. Na angalia alichookoa: hazifiki dakika tatu.

Nje ya mada kidogo: aliyetengeneza moja ya kamera za mwanzo kabisa, Maurits Gatsonides, alikuwa Mholanzi dereva wa mashindano, alishinda mbio za magari za Monte Carlo mwaka 1953. Alitaka kupima kona zake ili aende kasi zaidi.

Jongoo wa Pugu:

Sawa profesa. Lakini Wafaransa mbona walizichoma? 2018 wale waandamanaji wa vizibao vya njano waliharibu kamera nchi nzima. Wajinga wote wale?

Kipimo Sahihi:

Hapana, si wajinga. Waliona kama wewe unavyoona, kwamba ni mfuko wa serikali umesimamishwa juu ya nguzo. Hasira zilikuwa na mengine mengi, bei ya mafuta ikiwemo. Mimi ningeanza kuamini hizo kamera zetu kama zingewekwa wazi, kibao kikubwa kabla yake, na mahali panapofungwa pachaguliwe kwa hesabu ya waliokufa, siyo mteremko ambao kila gari linazidi lenyewe.

Kijiwe Temboni:

Mimi ni bodaboda, napaki Temboni. Mnaongea sana habari za bampa.

Sisi tunaona wanaovuka. Asubuhi watoto wa shule wanashikana mikono, wanavuka njia mbili, wanasimama katikati, wanangoja. Gari la njia ya kwanza limesimama kuwapisha. La njia ya pili halijui kwa nini mwenzake kasimama, linapita. Hapo ndipo roho zinapotoka. Mama mmoja muuza maandazi nilimsaidia kumwokota mwenyewe, sufuria liliruka mpaka ng'ambo. Alipona lakini mguu haukurudi kuwa mguu.

Mkipata hizo kamera, msizifunge porini. Zifungeni penye alama za pundamilia.

Babu Gia Saba:

Kijana wa Temboni, hilo ulilosema la gari la njia ya pili, tulilifundishwa na bado nimelifanya. Mara moja tu, Chalinze, aliyekuwa anavuka akaruka nyuma. Mpaka leo nikila wali unanikaba nikimkumbuka. Usiku mwema.

Kipimo Sahihi:

Kijiwe Temboni, asante. Shirika la Afya Duniani wanasema mtu mzima akigongwa na gari lililoko 50, uwezekano wa kufa hauzidi asilimia 20. Likiwa 80 unakaribia 60. Na kwa 80, ile sekunde moja tu ya kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, gari limeshakwenda mita 22. Hapo bado hujaanza hata kufunga.

MamaPazia:

Nimewasoma wote, asanteni. Kijiwe Temboni, umenifanya nione haya. Uzi mzima nimeandika habari ya buti.

Ila kuna jambo hamjaligusa na mimi limenikaa kooni. Hiyo kamera inasoma namba ya gari, haimsomi mtu. Mdogo wangu wa kiume aliazima gari langu mwezi wa Ramadhani, siku tatu, anapeleka wageni. Juzi nimeingiza namba ya gari kwenye mtandao kuangalia madeni, nikakuta elfu tisini. Faini tatu, zote za siku hizo tatu. Sasa niambieni, yeye amejifunza nini? Hata hajui kama alipigwa. Mimi ndiye nimepata somo, wakati siku hizo nilikuwa nyumbani nakaanga sambusa.

Shemeji anasema kwao barua lazima imfikie mwenye gari ndani ya siku 14, na mwenye gari anatakiwa ataje nani alikuwa anaendesha. Hiyo naielewa. Ukipata habari ukiwa bado unaikumbuka safari yenyewe, inakuuma mahali panapotakiwa. Ikija miezi mitatu baadaye, ni deni tu kama la umeme.

Kipimo Sahihi:

Hoja nzito hiyo. Arizona walikwama hapo hapo, maana kisheria ilibidi picha imwonyeshe dereva. Mwaka 2009 jamaa mmoja wa Phoenix akawa anaendesha amevaa kinyago cha nyani. Picha zimejaa, nyani yuko kwenye usukani. Mwaka uliofuata jimbo likazima kamera zake za barabara kuu, na siyo kwa sababu ya nyani peke yake.

Kwetu gari moja linaendeshwa na watu wanne: mwenye nalo, dereva wa siku, shemeji, fundi akilijaribu. Bila kulipatia jibu hilo, kamera itakuwa inawafundisha wenye magari, wakati wanaokanyaga mafuta ni wengine. Kijana wa Noah iliyokugonga, nadhani naye hajawahi kulipa faini hata moja kwa mfuko wake.

MamaPazia:

Naripoti kidogo halafu naacha uzi upumzike.

Jumatatu alfajiri, saa kumi na moja kasorobo, nilitoka Kibamba Chama kwenda Kimara Mwisho kwa mwendo wangu wa kila siku. Dakika 10. Leo muda ule ule nimekwenda 50 kila penye kituo na kila penye pundamilia, simu nimeiwekea saa. Dakika 14. Dakika nne, nilizimalizia hapo Kimara nangoja muuza vitumbua anirudishie chenji.

Kazi ilikuwa kuvumilia waliokuwa nyuma yangu. Coaster moja ilinipigia honi kuanzia Temboni kama nimemwibia. Konda alipotoa kichwa dirishani nilidhani atanitukana, akasema, "Mama, hujisikii vizuri?"

Muuza madafu nilimpitia jana, nimpe hela ya dafu lake. Alikataa tena. Akasema tangu siku ile wengine wawili wamefunga breki kwa ajili yake, na amemwambia mkewe amtafutie shati la rangi nyingine, lile jeupe atavaa Ijumaa msikitini.

Bosi wa Noah amekubali kulipa nusu. Fundi anataka laki moja na themanini kwa bampa ya mtumba pamoja na rangi. Kama kuna mtu anajua pa kupata bampa ya nyuma ya IST, ya kijivu, chini ya hapo, anitumie ujumbe. Buti bado naifunga kwa kamba ya pazia.